Mwenye Shamba Aliyesimama na TANU

Mwenye ardhi anapojiunga na siasa za wanyonge, watu hugawanyika. Wapo wanaomshangilia kwa sababu ameacha kiti cha juu akaja kukaa nao, na wapo wanaomtilia shaka kwa sababu wanajua damu ni nzito kuliko maji, na mali nayo ina uzito wake. Mabishano haya hayaishi, kwa kuwa kila upande unajaribu kusoma moyo wa mtu, na moyo haukaguliwi kama hesabu za chama cha ushirika. Makala haya yanatafuta kipimo kingine, kinachoonekana kwa macho, na yanakitafuta katika maisha ya Derek Bryceson, rubani wa vita aliyekuja kulima ngano kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kisha akawa mbunge na waziri kwa kuungwa mkono na TANU, chama ambacho serikali ya Waingereza wenzake ilikihesabu kuwa cha wachochezi. Hoja yangu ni kwamba utii wake kwa upande huo unastahili kuaminiwa, na sababu yake haitokani na wema wa moyo wake. Alikubali mambo mawili ambayo wenye ardhi wengi hawakuyakubali: kuunga mkono ushindi ambao ungelipunguzia nguvu tabaka lake, na kuhukumiwa na watu wale wale aliosema anawatumikia. Na hata hayo mawili yasingewezekana kama watu wa Kilimanjaro na Meru wasingekuwa wamejenga nguvu yao wenyewe kabla yeye hajafika.

Mpaka wa Holili, kati ya Tanzania na Kenya, unatusaidia kuona jambo hili kwa kulinganisha. Anayevuka kutoka Holili huingia Taveta, nchi ya mkonge na ya maji yanayoteremka kutoka mlima ule ule, na huko Taveta ndiko Ewart Grogan alikojenga ngome yake juu ya kilima katika miaka ya 1930. Grogan alikuwa mwenye ardhi wa aina ambayo Kenya iliijua vizuri. Alijipatia sifa kwa safari yake ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo, iliyokwisha mwaka 1900, akaja Kenya, akakusanya misitu, viwanja na mashamba, na akakaa miaka mingi katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1907 aliwachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi, huku umati wa walowezi ukitazama, akafungwa mwezi mmoja. Kitendo kile kilikuwa cha kuidharau serikali ya Mwingereza mchana kweupe, mbele ya mahakama yake yenyewe. Kwa maana hiyo Grogan naye alikuwa muasi. Aliasi kwa sababu aliona serikali inamlinda Mwafrika kupita kiasi, ingawa ulinzi wenyewe ulikuwa haba.

Kwa hiyo kuasi peke yake si sifa, na hapa ndipo simulizi nyingi za wakubwa walioasi huteleza. Walowezi wa Kenya walifika hadi kupanga njama ya kumteka gavana na kushika reli na simu mwanzoni mwa miaka ya 1920, London ilipokuwa ikifikiria kuwapa Wahindi haki zaidi. Njama hiyo ilizimwa na tamko la serikali la mwaka 1923, lililosema kwamba masilahi ya Waafrika yatangulie. Miaka arobaini na miwili baadaye, tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith aliasi kweli kule Rhodesia na kujitangazia uhuru. Smith anatufaa sana kwa kulinganisha, kwa sababu maisha yake ya ujana yanafanana na ya Bryceson kwa namna ya kushangaza. Wote wawili walikuwa marubani wa jeshi la anga la Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, wote walijeruhiwa vibaya, wote walishika kilimo na kisha siasa. Mwezi ule Smith alipoitangaza serikali yake ya wachache, Bryceson alikuwa waziri katika serikali ya Julius Nyerere, ambayo mwezi uliofuata ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu Uingereza ilishindwa kumzuia Smith. Asili, vita, majeraha na jembe haviwezi kueleza kwa nini watu hawa waliachana njia. Kinachoeleza ni swali moja: je, uasi huu ukishinda, mwenye ardhi ataongezewa au atapunguziwa? Grogan na Smith waliasi ili waongezewe au wabaki na chote walichokuwa nacho. Bryceson alisimama na watu ambao ushindi wao ungempunguzia.

Alizaliwa China mwaka 1922 katika familia ya Kiingereza. Alipokuwa na umri wa miaka 19 ndege yake ilidunguliwa Mashariki ya Kati, akaumia uti wa mgongo. Madaktari walimwambia hatatembea tena. Akajifunza kutembea kwa msaada wa fimbo, na akaishi hivyo maisha yake yote. Baada ya vita alisoma kilimo Cambridge, akalima Kenya kwa miaka miwili hivi, kisha akaomba na kupewa na serikali shamba Tanganyika, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Utaratibu huo wa kugawa mashamba haukuwa wa bahati nasibu. Mashamba mengi ya Wajerumani yalikuwa yamewekwa chini ya serikali wakati wa vita kama mali ya adui, na baada ya vita Waingereza walikusudia kuyagawa upya, sehemu yake kwa askari waliorudi kutoka vitani. Bryceson alikuwa mnufaika halali wa mpango huo kwa sheria za wakati ule. Ukweli huu lazima uwekwe mezani tangu mwanzo, kwa sababu hakuna hoja ya kumtetea inayoweza kuuruka: aliingia katika historia ya mlima huu kama mtu aliyepewa ardhi na serikali ya kikoloni.

Alichokikuta hapa, hata hivyo, kilikuwa tofauti na alichokiacha Kenya. Kilimanjaro ilikuwa nchi ya wakulima Waafrika waliokwisha kupigana na masetla na kushinda mara moja. Katika miaka ya 1920 masetla wa Moshi walitaka Wachagga wazuiwe kulima kahawa ya arabika, wakidai itapunguza ubora wa kahawa yao na kuleta magonjwa. Wachagga walijibu kwa kuunda chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake, na mwaka 1933 chama hicho kikabadilika kuwa KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichouza kahawa ya vihamba, yaani mashamba ya familia za Kichagga, moja kwa moja kwenye soko. Kenya ilichelewa sana kumruhusu mkulima Mwafrika kustawisha zao hilo kwa wingi. Tofauti hii ya zao moja ilizaa tofauti ya siasa. Mchagga mwenye kihamba, migomba, kahawa na hisa ya ushirika alikuwa na ada ya shule, alikuwa na watoto waliosoma, na hakuhitaji kuombewa haki zake na setla. Tena Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, kwanza chini ya Shirikisho la Mataifa na tangu 1946 chini ya Umoja wa Mataifa, hivyo malalamiko ya mwananchi wa Moshi au Arusha yaliweza kufika New York.

Na yalifika. Novemba 1951 serikali iliwaondoa Wameru wapatao elfu tatu kutoka Engare Nanyuki, ikachoma nyumba zao, ili ardhi ile igeuzwe mashamba ya mifugo ya Wazungu katika ukanda ulio kati ya Meru na Kilimanjaro. Mpango ulitokana na tume ya Jaji Mark Wilson iliyochunguza ardhi za Arusha na Moshi mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa kuwasilisha malalamiko ya Wameru, akisaidiwa na wakili Earle Seaton aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Hawakupata amri ya kurudishiwa ardhi mwaka ule, lakini waliifundisha Tanganyika nzima kwamba serikali inaweza kushitakiwa mbele ya dunia. Oktoba mwaka huo huo hali ya hatari ilitangazwa Kenya, na Wakikuyu waliokuwa wakiishi Jimbo la Kaskazini la Tanganyika walikamatwa na wengi wakarudishwa kwao. Kwa hiyo mwenye shamba yeyote Mzungu aliyefika Kilimanjaro wakati ule aliona mambo mawili kwa pamoja: upande mmoja, watu waliokuwa wakidai ardhi kwa karatasi, wakili na safari ya ndege, upande wa pili, vita vya msituni. Aliyekuwa na macho aliweza kuelewa kwamba njia ya kwanza isipoheshimiwa, ya pili itafuata.

Wengi walioelewa hivyo walichagua njia ya katikati, na njia hiyo ilikuwa na jina: UTP. Chama hicho kiliundwa mwaka 1956 kwa kutiwa moyo na Gavana Edward Twining ili kuipinga TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954. UTP ilihubiri ushirikiano wa mataifa, maana yake ikiwa kwamba Wazungu elfu ishirini hivi, Waasia na Waafrika milioni nane na zaidi wapate uwakilishi sawa kwa sawa. Wakati huo huo serikali ilimzuia Nyerere kuhutubia hadhara mwaka 1957 na kufunga matawi ya TANU katika wilaya kadhaa. Bryceson mwenyewe alianzia ndani ya mfumo huo. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kuteuliwa, na mwaka 1957 akapewa nafasi ya waziri msaidizi. Kwa mtu wa aina yake, mwenye shamba, elimu, jina la vita na masikio ya gavana, mlango ulikuwa wazi kabisa wa kuwa kiongozi wa siasa za kiasi ambazo Uingereza ilitaka kuziacha nyuma yake. Hapo ndipo alipogeuka. Ulipofika uchaguzi wa kwanza, Septemba 1958, alisimama Jimbo la Kaskazini akiungwa mkono na TANU, pamoja na Sophia Mustafa wa Arusha aliyesimama kwa kiti cha Waasia. Wote wawili waliingia Barazani, na UTP haikupata kiti hata kimoja.

Pingamizi la kwanza ni la kisheria, na lina nguvu. Uchaguzi wa 1958 uliendeshwa kwa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Tena haki ya kupiga kura ilikuwa ya wachache, waliokuwa na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa unaotambuliwa. TANU ilikaribia kuvunjika kwa sababu ya masharti hayo, mpaka mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulipokubali kushiriki. Kwa hiyo, watasema wapinzani, TANU ilimhitaji Mzungu yeyote wa kujaza kiti, na Bryceson alijaza. Hakuna ubishi kwamba sheria ndiyo iliyoifanya TANU itafute wagombea Wazungu. Lakini pingamizi hili linaeleza kwa nini TANU ilimhitaji mtu kama yeye, halielezi kwa nini yeye alikubali. Sheria ile ile iliipa UTP fursa ile ile, na masetla wengi waliitumia fursa hiyo kwa upande wa serikali. Tena mfumo uliobuniwa kuwalinda Wazungu ulileta matokeo ambayo Twining hakuyatarajia: Mzungu na Mwasia wa kila jimbo walipaswa kwenda kuomba kura za Waafrika. Aliyekwenda akiwa na TANU alikiri mbele ya hadhara kwamba Waafrika ndio waajiri wake katika siasa. Kwa setla wa mwaka 1958 kukiri huko kulikuwa kuvunja ukuta uliokuwa umejengwa kwa miaka hamsini.

Pingamizi la pili ni la wale wanaomwona kama mtu mjanja aliyenusa upepo. Wanauliza: je, hakulipwa? Mwaka 1959 alikuwa Waziri wa Madini na Biashara, mwaka 1960 Waziri wa Afya na Kazi, na baadaye alishika kilimo hadi mwaka 1972. Hakika alipata vyeo. Lakini mtu mwenye kutafuta faida hujulikana anapoanza kudaiwa, na tangu mkesha wa uhuru madai yalikuja mfululizo. Oktoba 1961 wabunge kadhaa wa TANU wenyewe walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alisimama imara kupinga uraia wa rangi na kuufanya muswada wa uraia kuwa suala la uhai wa serikali yake. Bryceson alichukua uraia wa nchi ambayo wanachama wengi wa chama tawala walikuwa bado wanajiuliza kama anastahili kuwa raia. Mwaka 1963 ardhi ya kumilikiwa moja kwa moja iligeuzwa kuwa ya kupangishwa na serikali, kwa kufuata msimamo ambao Nyerere alikwisha kuuandika mwaka 1958, kwamba ardhi ni mali ya taifa. Februari 1967 Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni, au nyumba za kupangisha, na kumtaka ajitenge na ubepari na ukabaila. Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa mwaka huo, na mwaka 1973 yakafuata mashamba mengi ya kahawa ya Wazungu huku Kilimanjaro. Kila hatua kati ya hizi ilimpa mwenye ardhi Mzungu sababu ya haki ya kuuza, kufungasha na kuondoka, na wengi walifanya hivyo. Yeye alibaki, na hadi mwaka 1972 alikuwa ndani ya serikali iliyofanya mengi ya hayo, tena kwa miaka mingi katika wizara iliyohusika moja kwa moja na ardhi na wakulima.

Kipimo kilicho wazi zaidi ni uchaguzi wa 1965. Hapakuwa tena na viti vya rangi. TANU ilikuwa chama pekee Bara, karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili waliotambulishwa kwa alama ya jembe au ya nyumba, na kura ilikuwa ya siri. Bryceson hakukimbilia mahali palipokuwa na Wazungu wengi; alisimama Dar es Salaam, mbele ya wapiga kura ambao karibu wote walikuwa Waafrika, akashinda. Mtu anaweza kusema chama kilimbeba, na ni kweli kwamba kanuni za kampeni zilikataza kugusa rangi, kabila au dini. Ila chama hakikuweza kumbeba kila mtu. Katika uchaguzi huo huo Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mmoja wa waasisi wa ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa, alishindwa jimboni kwake, na wabunge wengi waliokuwamo waliangushwa. Wapiga kura walikuwa na kisu mkononi na walikitumia. Kwamba hawakukitumia dhidi ya Mzungu mwenye fimbo ni ushahidi mkubwa kuliko maneno yoyote ambayo yeye au Nyerere wangeweza kuyasema juu ya nia yake. Hapo ndipo ninapoona jambo la pili la hoja yangu likitimia: alijiweka chini ya hukumu ya watu wasio na sababu ya kumpendelea, na hukumu hiyo ikampitisha.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, na lilisemwa mapema na Zuberi Mtemvu, aliyejitoa TANU mwaka 1958 baada ya Tabora na kuanzisha chama chake akidai Afrika iwe ya Waafrika. Katika uchaguzi wa rais wa 1962 Nyerere alimshinda kwa zaidi ya asilimia 98, lakini kushindwa katika kura hakumalizi hoja. Kiini chake ni kwamba historia ina tabia ya kumpa mwenye nafasi sifa kubwa kwa kujitoa kidogo, huku wasio na nafasi wakijitoa kabisa na kusahaulika. Ni kweli. Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani huko huko tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake, na mlima huu haujamaliza kudai mabaki yake kutoka Ujerumani. Wameru wa Engare Nanyuki walipoteza nyumba na mifugo. Wanachama wa TANU vijijini walifungiwa matawi yao. Bryceson hakulipa bei kama hizo, na mtu anayemweka katika safu moja na hao anaidhulumu historia. Lakini hitimisho la Mtemvu halifuati kutoka kwenye ukweli huo. Kukubali kwamba mtu fulani alilipa kidogo hakumaanishi kwamba alichotoa kilikuwa bure. Setla mmoja aliyesimama jukwaani na TANU aliivunjia serikali ya kikoloni hoja yake kubwa mbele ya Umoja wa Mataifa, kwamba bila ulinzi wa London Wazungu na Waafrika wasingeweza kuishi pamoja. Gavana mpya, Richard Turnbull, aliona matokeo ya uchaguzi akabadili mwendo mara moja, na Oktoba 1958 akatamka kwamba Waafrika watakuwa wengi katika Baraza. Mwaka 1960 TANU ilishinda viti 70 kati ya 71, na uhuru ukaja Desemba 1961 bila vita. Mchango wa Bryceson na wenzake wasio Waafrika waliosimama na TANU, kama Sophia Mustafa, Amir Jamal na Lady Chesham wa Iringa, katika jambo hilo ulikuwa mdogo ukilinganishwa na wa wanachama laki kadhaa, lakini ulikuwa wa kweli.

Tena inafaa kumlinganisha Bryceson na bwana mwingine wa mlima huu, ambaye hakuwa Mzungu. Thomas Marealle, mjukuu wa Mangi Marealle wa Marangu, alisoma Uingereza, akawa Mangi Mkuu wa Wachagga mwaka 1952, akaijenga Moshi ya fahari, na mwaka 1957 akafika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuitetea Tanganyika isonge kuelekea kujitawala. Kwa elimu, kipaji na damu, yeye ndiye aliyekuwa na haki kubwa zaidi ya kuongoza. Lakini kadiri nguvu za TANU zilivyokua, Wachagga wengi walianza kuuliza kwa nini kiti cha juu kiwe cha mtu mmoja asiyepigiwa kura kila mara, na mwaka 1960 walipiga kura kukiondoa na kuweka uongozi wa kuchaguliwa, Solomon Eliufoo akishika nafasi. Simlaumu Marealle, alitenda mema mengi Uchaggani. Ninachosema ni kwamba bwana mwenyeji aliyeusimamia ukuu wake aliangushwa, na bwana mgeni aliyekubali kuomba kura akapitishwa. Rangi haikuamua. Kilichoamua ni kama mkubwa yuko tayari kuwa mtumishi anayeweza kufukuzwa.

Kipimo hiki kinatulazimisha pia kuona mahali ambapo maisha ya Bryceson yanatuachia deni. Serikali aliyokaa ndani yake ilianza kwa kumsikiliza mkulima, ikaishia kumwamuru. Miradi ya vijiji vya makazi ya mwanzo wa miaka ya 1960, iliyomwaga matrekta na fedha mahali pachache, ilishindwa na kuachwa mwaka 1966. Baada ya yeye kuondoka wizarani mwaka 1972 na kushika uongozi wa Hifadhi za Taifa, nchi iliingia katika kuhamisha watu kwa nguvu vijijini, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, KNCU ikiwamo, chama kile kile kilichompa Mchagga sauti dhidi ya setla. Siwezi kumtwika yaliyofanyika baada yake. Lakini safu ya viongozi aliyokuwa sehemu yake ilikuwa imezoea kuamini kwamba nia njema ya aliye juu inatosha, na imani hiyo ni ya mwenye shamba tangu zamani, avae kofia ya setla au sare ya chama. Waliovumbua dawa yake walikuwa wakulima wa kahawa wa mwaka 1925 na Wameru wa 1952: watu wenye chama chao, wakili wao na fedha zao, wasioomba mtu yeyote awatetee bila wao kuwapo. Bryceson alifariki Oktoba 1980, akiwa bado raia wa nchi aliyoichagua, na kuendelea kwake kuwa raia hadi mwisho ni jibu kwa waliosema angerudi kwao mambo yakiwa magumu. Hata hivyo utii wa mtu mmoja, hata ukiwa wa kweli namna gani, hauwezi kuziba pengo la ushirika uliovunjwa.

Somo hili linatuhusu leo kuliko tunavyopenda kukiri. Kutoka Rombo hadi Hai wapo wanasiasa wenye mashamba, mabasi, hoteli na viwanja, na kila msimu wa uchaguzi baadhi yao hutangaza kwamba wako upande wa mama anayeuza ndizi Holili na kijana anayevusha mizigo kwa baiskeli kwenda Taveta. Hakuna haja ya kuwacheka wala kuwaamini kwa maneno. Waulizwe maswali mawili ambayo Bryceson alilazimika kuyajibu kwa maisha yake. Kwanza, ni sera gani mnayoiunga mkono ambayo ikipita itawagusa ninyi kabla ya kumgusa jirani yenu: kodi ya ardhi isiyolimwa, mipaka ya umiliki, mgawo wa maji ya mifereji, bei ya haki kwa mwenye kihamba? Pili, mko tayari kusimama mbele ya wapiga kura wasio na deni lolote la fadhila kwenu, katika uchaguzi ambao mnaweza kweli kushindwa, na kukubali matokeo? Anayejibu maswali yote mawili kwa vitendo anastahili kura hata kama ana hekari elfu. Anayekwepa moja anatafuta ngome juu ya kilima, hata akiita ngome hiyo ofisi ya wananchi. Na kabla ya kumuuliza yeye, wakulima na wachuuzi tujiulize wenyewe kama tuna chama chetu, hesabu zetu na wakili wetu, kwa sababu mwenye ardhi mwema hupatikana pale tu ambapo wasio na ardhi kubwa wamekwisha kujipanga.